Mzigo Ulioachwa Mlangoni

Ninyi mnaovaa sare za ulinzi leo na kusimama katika majumba ya makumbusho, nawaonea wivu kwa jambo moja tu: mna viti. Mimi nilisimama miaka kumi na mitatu, na magoti yangu bado yananikumbusha kila mvua zinapokaribia. Mjukuu wangu Shija, aliyeajiriwa kazi hiyohiyo mwaka huu, ananiambia kwamba siku hizi mlinzi mpya hupewa hata kitabu cha maelekezo. Vizuri. Mimi nilipewa tarabushi nyekundu, fimbo na maneno matatu: mtu yeyote asiguse. Niliyashika maneno hayo kwa mikono miwili, na nusura yaniponze mimi na utemi mzima pamoja nami. Shija ameniomba niwaandikie habari hizo. Nitaandika kama nilivyozoea kusema, kwa hiyo mnivumilie nikienda kushoto kidogo na kulia kidogo.

Chumba nilichokilinda kilikuwa nyuma ya boma la serikali, Mwanza, mahali ambapo ukisimama mlangoni unaliona ziwa na mawe yake yote. Kilikuwa ghala refu la pamba kabla ya kupewa kazi nyingine. Reli ilikuwa imefika mjini miaka michache tu nyuma, na pamba ilikuwa imehamia karibu na stesheni. Bwana Shauri, yaani mkuu wa wilaya wa wakati ule, Mwingereza mrefu mwenye masikio mekundu, alipenda sana vitu vya zamani. Kila akienda safari alirudi na kitu: mkuki, ngao, kigoda, mtego wa samaki, pembe ya kunywea. Akavipanga ndani ya ghala, akaandika karatasi ndogo mbele ya kila kimoja, na watu wakaruhusiwa kuingia kutazama. Mjini walikiita Chumba cha Vitu, na mimi nikawa Nkwabi wa Vitu. Mpaka leo wapo wazee wa mtaa wa Mirongo wanaoniita hivyo.

Aliyenifundisha kazi alikuwa Sajini Farjala, Mmanyema aliyekuwa amepigana vita vile vikubwa vya Wajerumani na Waingereza, na ambaye sasa alisimamia askari wote wa boma. Kiswahili chake kilikuwa cha kambini, nasi vijana tulikicheka akishatupa kisogo.

"Wewe hapana angalia uso," aliniambia siku ya kwanza. "Uso iko danganya. Angalia mkono."

Nimezeeka sijaona maneno mengine ya kazi hii yanayolingana na hayo. Mtu anayetaka kugusa kitu, vidole vyake huanza kucheza kabla hajakifikia. Mwenye nia mbaya zaidi mikono yake hutulia kupita kiasi. Akanifundisha pia nisisimame mlangoni, kwa sababu anayesimama mlangoni anaangaliwa na wanaoingia na hawaoni waliokwisha kuingia. Simama pembeni, mgongo ukutani. Na viatu vyako vipige kelele. Mimi nilidhani mlinzi hodari hunyemelea, nikavipaka mafuta viatu vyangu visilie. Sajini alinitazama nikipita kimyakimya, akauliza, "Wewe mlinzi ama wewe mwizi?" Nikavikausha juani mpaka vikalia tena.

Mengine nilijifunza mwenyewe. Chini ya ngao na kila kitu cha ngozi nilitandaza majani makavu ya tumbaku, kwa sababu kuna dudu anayekula ngozi na hapendi harufu ile. Asubuhi na jioni nilipita nikikitaja kila kitu kwa jina lake kwa sauti, kutoka kushoto kwenda kulia, na kikikosekana kimoja ulimi wenyewe ulikwama. Na kila mara jicho langu moja lilikuwa ziwani. Ninyi wa Mwanza mnawajua wale wadudu wadogo wanaoinuka kutoka majini kama moshi wa nyasi. Mwaka wangu wa kwanza niliwaona wakija, nikasimama kuwashangaa huku madirisha yote sita yako wazi. Siku tatu nilikuwa nawafagia ndani ya mitego ya samaki na midomoni mwa vibuyu. Siku nyingine nikiona ule moshi unaelekea kwetu, hata awe nani ndani ya chumba, nilifunga madirisha kwanza, salamu baadaye.

Wakubwa nao hukosea, msisahau hilo. Bwana Shauri aliweka mahali pazuri kabisa, mbele ya dirisha, kifaa kirefu cha mti, akaandika kwamba ni fimbo ya mganga wa mvua. Siku moja wakaja kina mama watano kutoka Magu waliokuwa wamesindikiza mpunga wao mjini. Mmoja alikuwa amesoma kidogo shule ya misheni, akawasomea wenzake ile karatasi. Walicheka mpaka wakakaa sakafuni. Ulikuwa mwiko wa kusongea ugali, tena wa nyumba yenye watu wengi. Mimi nilikuwa nimelijua hilo tangu siku ya kwanza, lakini hakuna aliyeniuliza, na mimi sikuwa nimeajiriwa kusema. Mwezi mzima nilijipa moyo, ndipo nikamwambia. Masikio yake yalizidi wekundu, akaandika karatasi nyingine, "Mwiko". Tangu hapo hakuna mtu aliyesimama tena mbele ya kitu kile.

Sasa nije kwenye ngoma.

Katika upande mmoja wa nchi yetu, mashariki ya mji, palikuwa na utemi mmoja ambao sitautaja jina, maana wajukuu wa watu wale wapo na wanaheshimiana. Mtemi wao alifariki, na ndugu wawili wakagombea kiti. Watu walianza kuvunjiana maboma ya ng'ombe, na kijana mmoja akakatwa panga la bega. Kwa desturi ya pale, anayeketi kwenye kigoda akapigiwa ngoma ile kubwa, huyo ndiye mtemi. Basi Bwana Shauri akaichukua ngoma, akasema itakaa bomani hadi wakubaliane. Ikaletwa kwa mkokoteni, ikawekwa katikati ya Chumba cha Vitu juu ya meza fupi. Nami nikaambiwa kwamba vitu vingine vyote vikiungua moto, niokoe hiyo.

Ilikuwa nzito kama ndama, mzinga wake wa mti mmoja uliochongwa, na ngozi yake nyeusi ti. Wazee waliokuja kutazama walivua kofia mbele yake na kuinama kidogo. Ilikaa kwangu karibu miaka miwili.

Na kila mwezi mpya ulipoandama, asubuhi yake alikuja Bibi Kabula.

Alikuwa mjane wa mtu aliyekuwa akiitunza ngoma ile kwa mtemi marehemu. Mwembamba, mweusi, mwenye sauti ya kukaripia hata akisema asante. Alitembea kwa miguu toka kwao, akafikia kwa mpwa wake Mirongo, na kesho yake akapanda kilima hadi bomani akiwa na kibuyu cha samli mkononi na mzigo wa mkeka uliozungushwa na kufungwa kamba kichwani. Mara zote mazungumzo yetu yalikuwa yaleyale.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Nimekuja kuipaka ngoma mafuta."

"Hairuhusiwi kugusa, bibi."

"Basi niitie Bwana Shauri."

"Bwana yuko safari." Na akiwepo nilisema ana kazi.

"Haya. Nitaitazama tu."

"Mzigo ubaki mlangoni, bibi. Ndiyo sheria."

Akautua mzigo wake pale kizingitini, akaniambia, "Nilindie huu," akaingia. Alisimama mbele ya ngoma muda mrefu, mikono nyuma, akitazama mti wake juu hadi chini. Kisha akatoka, akajitwika, akashuka kilima akinung'unika. Mimi nilijiona shujaa. Nilimhadithia Sajini kwamba kikongwe yule hanishindi hata aje mara mia.

Mwishowe wale ndugu wawili walikubaliana. Mkubwa akae kitini, mdogo apewe kuongoza upande wa ng'ambo ya mto. Siku ikapangwa, Jumamosi: watu wa pande zote mbili waje bomani, ngoma ipigwe mbele yao na mbele ya Bwana Shauri, kisha waichukue. Kabla ya siku hiyo Bwana Shauri alikwenda kisiwani Ukerewe, arudi Ijumaa jioni. Akiwa anapanda mashua alinigeukia.

"Nkwabi, nikirudi nataka chumba king'ae."

Ninyi vijana, jihadharini na amri fupi. Ikiwa fupi sana, mtu huongeza ya kwake.

Jumanne asubuhi nilianza kung'arisha. Bibi Kabula alikuja saa mbili, kwa kuwa mwezi ulikuwa umeandama. Alikuwa na haraka siku hiyo. "Mwanangu, leo ni lazima niishike ngoma. Leo si ya kutazama." Nikamjibu kwamba leo hata kutazama hakuna, nafanya usafi. Akanitolea macho. Sijui kwa nini hakunipiga na kile kibuyu. Akasema, "Haya, safisha," akashuka zake.

Nikasafisha. Nilikwenda dukani kwa Mhindi aliyekuwa karibu na soko, Mzee Ramji, nikamwambia nataka sabuni kali kuliko zote. Akaniuliza ya kufulia nini. Nikasema ya kuondoa uchafu wa miaka mingi. Akanipa mche mzima. Nikachemsha maji debe zima, nikaisugua ile ngoma, ngozi na mti, kwa brashi ya kusugulia sakafu. Maji yalitoka meusi, nami nikafurahi kwa kuwa kadiri yalivyokuwa meusi ndivyo nilivyoona nafanya kazi. Masizi na samli ya watu waliokufa kabla sijazaliwa niliyamwaga yote kwenye mtaro. Kisha nikaibeba kwa shida hadi nje, nikaiweka juu ya jiwe pana ikauke juani. Ikawa rangi ya maziwa yenye chai. Nikarudi nyuma hatua tatu kuitazama, nikatabasamu.

Kabla ya saa sita nilikuwa ndani nikipangusa vigoda. Nikasikia nje mlio mmoja, kama mtu aliyepiga kofi majini. Nilijua. Nikatupa kitambaa, nikatoka mbio.

Ngozi ilikuwa imepasuka katikati toka ukingo hadi ukingo.

Niwaambie ukweli, wazo la kwanza halikuwa kukiri. Nilitazama ziwa nikahesabu muda wa kufika Busisi kwa mtumbwi, na kutoka pale kupotelea Geita. Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Nilijiona niko gerezani, yeye yuko peke yake. Kisha nikaona jambo baya kuliko hilo. Wale wa ndugu mdogo walikubali shingo upande. Jumamosi wakiikuta imepasuka, watasema ngoma imemkataa mkubwa, na hapo mapanga yatatolewa tena, safari hii si ya bega. Na yote hayo kwa sababu ya mche wa sabuni.

Nikaiingiza ndani, nikaifunika gunia, nikafunga mlango, nikashuka Mirongo mbio bila tarabushi. Hapakuwa na mtu mwingine duniani wa kumwendea ila yule niliyemfukuza asubuhi.

Nilimkuta uani kwa mpwa wake, anabangua karanga. Mkeka wake uliofungwa ulikuwa pembeni.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Simama hapohapo mlangoni. Hapa hairuhusiwi kugusa."

Niliinamisha kichwa nikamweleza. Sikuficha kitu, wala sabuni, wala brashi. Aliendelea kubangua karanga, punje moja moja, hadi nikamaliza. Halafu akauliza, "Imepasuka ngozi?"

"Ndiyo, bibi. Yote."

Akaanza kucheka. Alicheka hadi karanga zikamwagika. Nilidhani amerukwa na akili kwa huzuni, nikaanza kulia mimi.

"Nyamaza, mwanangu. Ngozi ile ilikuwa ya mtemi aliyekufa. Amezikwa, nayo ilitakiwa iondoke. Mtemi mpya hapigiwi ngozi ya marehemu. Ningeichana mwenyewe leo asubuhi kwa kisu kama mlinzi mmoja mwenye viatu vya kelele angenipisha."

Sijui kama mmewahi kuokolewa na maneno. Nikakaa palepale mavumbini nikasema asante, asante, kama mtu anayeota. Lakini kicheko chake kilikatika ghafla.

"Na mti?"

"Mti gani, bibi?"

"Mti wa ngoma! Ngozi tunabadilisha kila mtemi. Mti ni uleule tangu mababu. Unadhani nilikuja na samli kila mwezi kuipaka ngozi ya mfu? Nilikuja kuupaka mti, usikauke ukapasuka. Miaka miwili umenizuia. Leo umeumwagia maji ya moto, ukauanika juani. Una ufa?"

Sikujua. Sikuwa hata nimeutazama mti. Akainuka, akaniambia nichukue mzigo, naye akachukua kibuyu. Nikajitwika ule mkeka niliokuwa nikiuacha mlangoni mwangu miezi yote ile. Ulikuwa mzito kuliko nilivyodhani. Njiani nikamuuliza kuna nini humo. Akajibu bila kugeuka, "Ngozi mpya. Ya dume jeusi lililochinjwa siku ya mazishi. Ngozi haikai mbali na ngoma yake, ndiyo maana nimeibeba kila mwezi. Sikujua mwezi gani watapatana. Na mambo ya ngozi hayasemwi kabla ya mtu kukubaliwa. Nikuambie wewe, askari wa boma?"

Hebu fikirini. Miaka miwili naringa kwamba nailinda ngoma, na kila mwezi nusu yake nyingine naiacha nje kizingitini, kuku wa boma wakiirukia.

Mlangoni tulimkuta Sajini Farjala. Alikuwa ameona mtaro wenye maji meusi, na hakuwa mjinga. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama wima mbele yake. Alimtazama Bibi Kabula, akautazama mzigo, kisha akanitazama mimi kwa muda mrefu nisioupenda.

"Amri ilisema mtu hapana gusa," akasema.

"Ndiyo, Sajini."

"Mimi nasimama hapa mlango. Nyuma yangu iko nini, mimi hapana ona." Akageuka, akatupa mgongo, akasimama kama yuko gwaride.

Bibi Kabula aliingia, akaliondoa gunia, akaweka viganja vyake juu ya mti. Ile ilikuwa mara ya kwanza kumwacha mtu aguse kitu ndani ya chumba kile, na nakiri kwamba ulimi wangu ulitaka kukataza kwa mazoea. Vidole vyake vilizunguka taratibu. Vikasimama. Karibu na ukingo wa juu palikuwa na ufa mwembamba kama unywele, urefu wa kidole. Akaupima kwa ukucha.

"Umeanza," alisema mwishowe. "Haujaenda. Lete maji ya ziwa, si ya bomba. Lete matambara. Na madirisha yote funga, upepo usiingie."

Sasa niwaeleze kazi yenyewe, kwa kuwa siku moja inaweza kuwafaa. Mti uliokaushwa ghafla huufichi ufa wake kwa gundi. Unaurudishia unyevu polepole: matambara mabichi kuuzunguka, kivulini, mpaka ufa uanze kujifunga wenyewe. Kisha samli, kwa kiganja, si kwa kitambaa, kwa sababu kiganja kina joto. Ngozi nayo tuliiloweka katika pipa usiku kucha, asubuhi ya Jumatano ikawa laini kama nguo. Tukaitandaza juu ya mdomo wa ngoma, tukatoboa matundu pembezoni, tukapitisha kamba za ngozi mbichi kushuka hadi chini na kupanda tena. Kamba hizo zikikauka hujikaza, na ndizo zinazoubana mti na kuuzuia ufa usiendelee. Basi siri yote iko katika kuvuta. Ukivuta kidogo, ngoma haitoi sauti na ufa unafunguka. Ukivuta kupita kiasi upande mmoja, ngozi inapinda.

"Nani atavuta?" nikauliza.

"Aliyeosha ndiye atakayevuta," Bibi Kabula akasema.

Nilivuta hadi ngozi ya viganja ikachubuka. Ilipofika upande wa ufa nguvu zangu hazikutosha, kamba ikaanza kurudi. Nikasikia viatu vizito vinakuja nyuma yangu. Sajini alikuwa ametua tarabushi yake mezani, karibu na ule mwiko. Akashika kamba juu ya mikono yangu.

"Vuta, bwana! Wewe kula ugali ya nani?"

Tukavuta wote wawili, na yule bibi akafunga fundo.

Kilichobaki kilikuwa kungoja, na kungoja ni kazi ngumu kuliko zote za mlinzi. Bibi Kabula alikataza mtu yeyote kuijaribu, hata kwa ukucha. Ngoma ile hailii ila mbele ya mtemi wake. Kwa hiyo Jumatano, Alhamisi na Ijumaa tulikuwa na ngoma ambayo hakuna aliyejua kama ina sauti.

Ijumaa jioni Bwana Shauri alirudi. Aliingia chumbani, akatazama ile ngozi mpya, akauliza, "Nani amefanya hivi?"

Sajini alikuwa nyuma yake. Bibi Kabula alikuwa kwa mpwa wake Mirongo. Ningeweza kusema ni desturi yao, nikanyamaza, na lisingekuwa neno la uongo. Lakini nilikuwa nimechoka kubeba jambo lile. Nikamwambia yote, na sabuni pia. Masikio yakawa rangi ya nyanya. Akazunguka ngoma mara mbili.

"Kesho ikilia," akasema, "mimi sijasikia habari hii. Isipolia, utakwenda gerezani kwa miguu yako mwenyewe, bila kusindikizwa."

"Ndiyo, bwana."

Jumamosi watu walijaa uwanja wote wa boma hadi kwenye mawe. Wa ndugu mkubwa walikaa upande wa ziwa, wa mdogo upande wa barabara, na fimbo zao wote walizilaza chini kama walivyoamriwa, lakini karibu na mikono. Nikakumbuka maneno ya Sajini, nikaiangalia mikono. Mingi ilikuwa imetulia kupita kiasi.

Mimi na askari wengine watatu tuliitoa ngoma. Mzee mmoja wa upande wa mdogo akaomba aikague kwanza. Akaichunguza ngozi, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaanza kupitisha kidole juu ya mti. Kikakaribia pale penye ufa, chini ya kamba. Kikapita. Kikarudi. Kikakaa hapo kidogo, naye akainua macho akamtazama Bibi Kabula aliyekuwa amekaa mbele na kibuyu chake. Bibi akamtazama vilevile, bila kupepesa. Yule mzee akafuta samli kidoleni kwa nguo yake, akasema kwa sauti ya kusikika na wote, "Mti ni mzima. Na apigiwe."

Ndugu mkubwa akaketi kwenye kigoda. Mpigaji akainua mkono.

Ngoma ililia. Sitaki kuwadanganya kwa maneno mazuri, ilikuwa sauti moja nene iliyoingia tumboni na kwenda hadi kwenye mawe ya ziwani na kurudi. Mara ya pili ikapigwa, na yule ndugu mdogo akainuka, akaenda akapiga goti mbele ya kaka yake. Wanawake wakapiga vigelegele pande zote mbili, na fimbo zikabaki chini. Mimi nilijikuta nyuma ya boma nimekumbatia nguzo ya bendera, nalia na kucheka kwa pamoja, nikisema jina la mke wangu. Furaha nimezipata nyingi tangu hapo, lakini wepesi ule wa siku ile sijaupata tena.

Wakaiondoa kwa mkokoteni na nyimbo. Bwana Shauri alipita karibu yangu, akasema tu, "Chumba kimeng'aa, Nkwabi," akaendelea na safari yake.

Baada ya hapo ile meza fupi ilibaki tupu katikati ya chumba. Hakuna aliyeniambia niitoe, na baadaye Bwana Shauri akahamishwa, akaja mwingine ambaye hakupenda vitu. Kwa hiyo niliendelea kuilinda. Watu waliingia, wakauliza, "Mbona hapa hamna kitu?" Nikawa nawaeleza kilichokuwepo, ngozi, mti, ufa na sabuni, na wengine walirudi na ndugu zao ili niwasimulie tena. Mwiko haukuwahi kupata bahati hiyo.

Mwezi mpya uliofuata, asubuhi, nilimwona Bibi Kabula anapanda kilima, kibuyu mkononi, mkeka kichwani.

"Shikamoo, bibi. Ngoma si ilikwisha kurudi kwenu?"

"Marahaba. Najua iko wapi, ninalala nayo nyumba moja. Nimemletea mkeo samli, nasikia amejifungua." Akautua mkeka kizingitini kwa mazoea. "Nilindie huu. Safari hii ni nguo tu."

"Hapana, bibi," nikasema. Nikauinua mzigo kwa mikono yangu, nikauingiza ndani, nikauweka juu ya ile meza tupu.